Sifa ya Ukumbi Mdogo

Katika fani za uimbaji nilizojaaliwa kuzisikia, sijapata kuona iliyo na haki kubwa zaidi ya kusikilizwa kwa karibu kuliko muziki wa asili wa Marekani, ule uliochipuka mashambani, milimani na katika baraza za nyumba za mbao za majimbo ya Kusini, ambao siku hizi, pamoja na vizazi vyake vipya, umejumuishwa chini ya jina la Amerikana. Fani hii haikuzaliwa jukwaani. Wenyewe waliipigia jikoni, au mlangoni jioni baada ya kazi ya kutwa, au katika chumba kilichotolewa vyombo ili watu wapate pa kuchezea, na kwa hiyo kipimo chake cha tangu asili ni umbali ambao sauti ya mwanadamu hufika bila ya kulazimishwa. Mwenye kuwajua mafundi wake kwa santuri peke yake, au kwa kuwatazama kutoka mwisho wa uwanja wenye maelfu ya watu, amewajua, sikatai; lakini iko elimu nyingine juu yao ambayo haipatikani ila kwa kukaa nao chumba kimoja.

Kumbi za kukaa hivyo zipo, na baadhi yake zimekwisha kuwa mashuhuri. Saratoga Springs, katika jimbo la New York, iko Caffè Lena, iliyofunguliwa mwaka 1960, ambayo hata leo huwapokea waimbaji mbele ya hadhira ya watu mia na kidogo. Nashville iko Bluebird Cafe, iliyofunguliwa na Amy Kurland mwaka 1982 katika safu ya maduka ya kawaida, yenye viti 90 hivi, ambamo tangu mwaka 1985 watunzi wanne huketi duara katikati ya chumba na kupokezana nyimbo, hadhira ikiwa imewazunguka karibu kiasi cha kuweza kuyagusa magitaa yao. Sheria ya mahali hapo ni kunyamaza. Aghalabu watunzi hao ni watu ambao nyimbo zao zimeimbwa na wengine zikaenea nchi nzima, ilhali nyuso zao hazijulikani hata na majirani. Na mwenye wimbo anapourudisha kwa sauti yake mwenyewe, pengine sauti ya kukwaruza isiyo na kitu cha kuuza, msikilizaji hubaini kwamba maneno aliyoyadhani mepesi yalitungwa na mtu aliyekuwa na jambo zito la kusema. Mimi, pamoja na hayo, hupenda zaidi sebule za watu. Mwenye nyumba huondoa meza, huazima viti, hualika watu 30 au 40, na mchango wanaoutoa huwa ni wa mwanamuziki wote.

Katika sebule kama hizo ndipo nilipofahamu kwa nini wapigaji wa banjo ni wasimulizi wazuri. Banjo ya nyuzi tano haikazwi kwa namna moja tu: kila kundi la mahadhi lina ukazaji wake, na mpigaji anapotoka wimbo mmoja kwenda mwingine hulazimika kulegeza uzi huu na kuvuta ule, sikio lake likiwa limeinamia chombo, mkono ukizungusha vigingi kidogo kidogo. Muda huo haufai kupita kimya, na hapo mpigaji huanza kueleza wimbo unaofuata aliupata kwa nani, mzee huyo aliishi bonde gani, na mwingine wa bonde la pili aliuimba vipi. Katika santuri muda huo hukatwa. Wanaourekodi muziki huuona kuwa ni taka za kazi, ilhali humo mna silsila nzima ya fani, kutoka kinywa hata kinywa.

Yako pia mambo ambayo sikio huyapokea bila ya kuyaelewa mpaka jicho liyashuhudie. Elizabeth Cotten, mwanamke mweusi aliyezaliwa North Carolina mwishoni mwa karne ya 19, alitumia mkono wa kushoto, na kwa kuwa vyombo alivyovipata utotoni vilikuwa vimefungwa nyuzi kwa ajili ya mkono wa kulia, alivigeuza juu chini akavipiga vivyo hivyo. Kidole gumba, ambacho kwa wapigaji wengine hushika sauti nzito za chini, kwake kikaimba mahadhi, na vidole vingine vikaenda kwenye nyuzi nzito. Yakazaliwa mapigo ambayo asiyemwona angeweza kusikiliza maisha yake yote asijue siri yake. Mama huyu aliacha kupiga kwa miaka mingi. Alikuwa akifanya kazi za nyumbani karibu na Washington kwa ukoo wa Seeger, watu wa muziki, walipomkuta ameshika gitaa lao; Mike Seeger akamrekodi nyumbani kwa mama huyo mwenyewe, na mwaka 1958 santuri yake ya kwanza ikatoka, naye amekwisha kupita umri wa miaka 60. Tuzo ya Grammy aliyoipata mwaka 1985, miaka miwili kabla ya kufa, ilikuwa ya santuri iliyorekodiwa akiwa mbele ya watu, nami naona waliomtuza walichagua ipasavyo.

Lakini kisa ninachokienzi kuliko vyote ni cha Joe Thompson wa Mebane, katika jimbo lilo hilo la North Carolina. Alizaliwa mwaka 1918, akafanya kazi katika kiwanda cha samani, na fidla yake aliirithi kwa wazee wake weusi waliozipigia ngoma za mashambani, yeye akishika upinde na binamu yake Odell akishika banjo. Odell alipokufa, mzee akabaki karibu peke yake na hazina hiyo. Mwaka 2005 vijana watatu, Rhiannon Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson, walikutana mjini Boone katika mkutano wa wapigaji weusi wa banjo. Na baada ya hapo wakawa wanakwenda nyumbani kwa Joe Thompson kila Alhamisi kupiga naye. Hakuwaandikia nota. Alianza wimbo, nao wakaufuata upinde wake, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka mwendo wa mkono wake ukaingia mikononi mwao. Kundi lao, Carolina Chocolate Drops, lilipata tuzo ya Grammy kwa nyimbo za aina hiyo, na mwaka 2023 Giddens, pamoja na Michael Abels, alipewa tuzo ya Pulitzer kwa opera juu ya Omar ibn Said, mwanachuoni Mwislamu wa Futa Toro aliyeuzwa utumwani Carolina, ambaye mwaka 1831 aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu. Sidai kwamba opera ile ilitoka sebuleni Mebane. Nadai kwamba aliyeitunga alikwisha kufundishwa, na mtu aliyekaa mbele yake, namna ya kuwasikiliza waliokufa.

Watu husema, na husema kweli, kwamba ukumbi mdogo haumlishi mtu. Mwanamuziki huendesha gari usiku kucha, hulala katika chumba cha wageni cha mwenyeji wake, na huuza santuri zake mwenyewe juu ya meza iliyo karibu na mlango. Ugumu huo si wa kusifiwa, na mwenye kuifurahia fani hii hana budi kutoa mchango wake kwa mkono mkunjufu na kununua kitu mezani pale. Lakini meza hiyo ina faida ambayo ukumbi mkubwa hauna: msikilizaji humkabili fundi, humwuliza alijifunza kwa nani, naye hutaja jina.

Jina moja huvuta jingine, tena hata kuvuka bahari. Banjo ilikwenda Marekani ndani ya kumbukumbu za Waafrika waliotekwa, ambao kwao walizoea vibuyu vilivyowambwa ngozi na kutiwa nyuzi, na mwaka 2005 Béla Fleck, fundi mkubwa wa chombo hicho, alisafiri nayo barani Afrika, akafika Uganda, Tanzania, Gambia na Mali, akiketi kupiga na wenyeji huku kamera ikiwatazama. Tanzania alikutana na Anania Ngoliga, mwimbaji asiyeona, bingwa wa marimba ya vidole gumba. Na mwaka 2009 alimwalika, pamoja na mpiga gitaa John Kitime, kuzunguka naye Marekani. Wengi walionunua tikiti kwa ajili ya Fleck walimsikia hapo Ngoliga kwa mara ya kwanza, na jina la kuulizia mezani likawa lake.