Alama Moja, Kamba Tatu

Fundi aliyeingia kwenye seva ya mbali anataka kufungasha folda kubwa ya picha. Anaandika `tar -czf nakala.tar.gz picha &`, anabonyeza Enter, na papo hapo sheli inamjibu `[1] 4127`, tayari kwa amri nyingine. Namba ya kwanza inaitambulisha kazi ndani ya sheli hiyo. Ya pili ni ya mchakato katika mfumo mzima. Wengi huridhika hapo, wakiamini programu imeshajitegemea. Bado.

Sheli ya Unix ikiagizwa kuendesha programu, hujizalisha nakala kwa `fork`. Nakala hiyo hugeuka kuwa programu yenyewe kwa `exec`, na sheli mzazi hukaa kuisubiri kwa `wait`. Alama ya `&` huiondolea sheli kazi ya kusubiri, basi. Ndiyo maana Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs hawakuhitaji utaratibu mpya kuipata mwanzoni mwa miaka ya 1970: `fork` ya kwanza, kwenye kompyuta ya PDP-7, ilikuwa mistari 27 tu ya asembli.

Ila kutosubiriwa hakuifungui programu kutoka kwenye terminali. Imefungwa huko kwa kamba tatu.

Ya kwanza ni kibodi. Kerneli huruhusu kundi moja tu la michakato kuisoma kwa wakati mmoja. Mchakato wa nyuma, yaani ulio nje ya kundi hilo, ukijaribu, hupigwa ishara ya SIGTTIN na kusimama. Kazi inayouliza nenosiri ikitupwa nyuma mapema mno hukwama hivyo, mwenyewe akidhani inaendelea. Ianzishe mbele, jibu maswali yake, bonyeza Ctrl-Z kuisimamisha, kisha andika `bg` iendelee nyuma. Utaratibu huu wa kuzihamisha kazi mbele na nyuma ulianza na J. E. Kulp wa taasisi ya IIASA huko Laxenburg, Austria, ukaingia kwenye sheli ya csh ya Berkeley.

Ya pili ni skrini. Kuandika huwa hakuzuiwi, kwa hiyo ujumbe wa programu huchanganyika na amri unayoandika. Dawa yake ni kuuelekeza kwenye faili.

Ya tatu ni ishara, nayo ndiyo huua. Muunganisho ukikatika, sheli hupata ishara ya SIGHUP, na ikiwa ni sheli ya bash, huisambaza kwa kazi zake zote. Programu isiyojiandaa hufa. `nohup` huifanya iipuuze ishara hiyo, ingawa haiipeleki nyuma: `&` bado inahitajika. Kwa kazi iliyokwisha kuanza kuna `disown`, inayoifuta kwenye orodha ya bash. Lakini tahadhari: `disown` haigusi kamba ya skrini. Programu itaokoka ishara, kisha ijaribu kuandika kwenye terminali isiyokuwepo tena, ipate hitilafu, na pengine iishie hapo.

Kazi utakayotaka kuirudia na kuitazama iendeshe ndani ya screen au tmux, maana hizo huipa terminali yake isiyokufa na muunganisho. Kwa kazi ya kuanzisha na kuondoka, mstari mmoja unatosha:

`nohup tar -czf nakala.tar.gz picha < /dev/null > ripoti.txt 2>&1 &`

`/dev/null` inakata kibodi, `ripoti.txt` inakata skrini, `nohup` inazima ishara. Alama ya mwisho inairuhusu sheli isisubiri.