Jinsi Pendekezo la Kikao Linavyokomazwa katika IETF

IETF, jumuiya ya wahandisi inayotunga viwango vya kiufundi vya intaneti, hukutana mara tatu kwa mwaka. Sehemu kubwa ya ratiba huchukuliwa na vikundi kazi vilivyokwisha kuundwa. Mwenye hoja mpya isiyo na kikundi huomba kikao cha pekee kiitwacho BOF. Kwa mujibu wa RFC 2418, mwongozo wa vikundi kazi wa mwaka 1998, mada hupewa kikao kimoja katika mkutano mmoja. Nafasi ya pili hutolewa kwa nadra, kwa hiari ya mkurugenzi wa eneo husika la kiufundi. Kwa ubahili huo wa nafasi, kazi ya maana hufanyika kabla ya mtu yeyote kuingia ukumbini.

Mwaka 2009 Thomas Narten alieleza katika RFC 5434 namna ya kuandaa kikao kama hicho kikafanikiwa. Huanza na watu wachache wanaozungumza faraghani ili kupima kama kweli wote wanaliona tatizo lilelile. Kisha hufunguliwa orodha ya barua pepe ya wazi, na yeyote huingia bila kuulizwa cheo wala mwajiri. Kinachowekwa mbele ya wenzao ni maelezo ya tatizo: nini kinakwama, kwa nani, na kwa nini viwango vilivyopo havitoshi.

Hapo ndipo wengi huteleza. Mhandisi aliyekwisha kubuni itifaki yake hutamani kuionyesha, na wahandisi wenzake, kwa mazoea ya kazi yao, huanza papo hapo kuifumua. Wiki zinapita watu wakibishania suluhisho la jambo ambalo bado hawajakubaliana kuwa ni tatizo. RFC 5434 inalihesabu hili miongoni mwa makosa ya kawaida, pamoja na kuchelewa kuanza. Maoni yenye faida zaidi katika hatua hii ni yanayopunguza: sehemu hii tayari inashughulikiwa na kikundi kingine, ile ni ya utafiti na haijaiva kuwa kiwango, hii nyingine ni pana mno. Mtoa hoja mzoefu huyaandika upya maelezo yake kila mara, yakawa mafupi na makali zaidi. Mpinzani humsaidia kuliko msifiaji, kwani pingamizi lisilojibiwa kwa barua hufufuka ukumbini, wakati dakika za kikao zinahesabika.

Ombi rasmi huwasilishwa wiki kadhaa kabla ya mkutano. IESG, kamati inayosimamia kazi ya viwango, hulipima kwa ushauri wa IAB, bodi ya usanifu wa intaneti. Mjadala uliokwisha kufanyika huwa ushahidi: orodha iliyolala kimya hudokeza kwamba hoja ina mwenyewe mmoja tu.

Ndani ya kikao, namna ya kuuliza ina uzito. Swali la jumla, kama vile iwapo kikundi kiundwe, hupata itikio la ukarimu lisilogharimu chochote. Yanayofaa ni maswali yaliyogawanywa: je, tatizo limeeleweka? Je, IETF ndipo mahali pake? Nani ataandika rasimu, nani atazihakiki? Kwa jadi waliohudhuria wamekuwa wakijibu kwa kuvumisha sauti midomo ikiwa imefumbwa, desturi inayoonekana ya kichekesho kwa mgeni. RFC 7282 ya mwaka 2014 inafafanua kwamba mvumo huo hauhesabiwi kama kura. Hupima hali ya ukumbi, na pingamizi la kiufundi la mtu mmoja bado hustahili kujibiwa.

Kikao kinaweza kuisha bila kikundi kuundwa, na pengine hayo ndiyo matokeo sahihi. Kikundi kikionekana kufaa, rasimu ya hadidu zake za rejea hurudishwa kwa jumuiya nzima itolewe maoni, na baada ya hapo ndipo IESG huamua.