Penseli na Ndege wa Kabras

Ukitoka Kakamega mjini kuelekea Webuye, miwa inakusindikiza hadi Malava, na hapo miti mirefu inasimama ghafla kando ya lami. Msitu wa Malava ni kipande kilichotengana na msitu mkubwa wa Kakamega, masalio ya msitu wa mvua wenye udugu na ile ya Kongo. Aina zaidi ya 300 za ndege zimeonekana katika msitu huo mkubwa. Mimi huchora ndege huku Kabras, eneo la Malava, kwa mapenzi tu, na sijaona kazi nyingine ya mikono inayolifundisha jicho kiasi hiki.

Ndege hai hakai akusubiri. Hondohondo hutangulia kusikika, mabawa yakivuma juu ya vilele. Anatua kwenye mkuyu, anachuma matunda mawili matatu, anageuka, ameondoka. Anayeanza na jicho au manyoya hubaki na jicho tupu. Mkono uwahi kwanza mwinamo wa mwili, mstari mmoja tangu utosini hadi ncha ya mkia, kisha utafute uzito umeegemea wapi. Akigeuka, uache mchoro huo ulivyo na uanze mwingine pembeni yake. Kila ndege ana mikao anayoirudia. Akirudia ule wa kwanza, nawe unaurudia. Ukurasa uliojaa migongo isiyo na miguu ni ukurasa wa mtu aliyekuwa akitazama kwelikweli.

Na hiyo miguu! Kile tunachodhani ni goti lililopinda kinyumenyume ni kifundo. Goti lenyewe limejificha ndani ya manyoya ya tumbo. Ukishalijua hilo, ndege wako wanaacha kuyumba karatasini.

John James Audubon, yule Mmarekani aliyetoa picha 435 za ndege kati ya 1827 na 1838, aliwapiga risasi kwanza, kisha akawafunga kwa nyaya wakae mkao alioutaka. Picha zake ni za kustaajabisha, nami sizibezi. Bado naona mchoro ulioachwa nusu kwa sababu ndege ameruka una ukweli ambao nyaya haziwezi kuuleta. Namfuata zaidi Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora aliyefundisha sanaa Makerere: katika vitabu vyake vikubwa vya wanyama wa Afrika Mashariki, kuchora ni njia ya kuuliza kiumbe amejengwaje na kwa nini.

Rangi nayo ina maswali yake. Wekundu wa bawa la shorobo ni rangi halisi, yenye madini ya shaba ndani yake. Saga unyoya wake, unga utabaki mwekundu. Kijani kinachomeremeta shingoni mwa chozi si rangi ya namna hiyo. Ni mwanga unaochezeshwa na umbile la unyoya wenyewe, na ukiusaga unyoya huo, mng'ao unapotea. Kwa hiyo shorobo unaweza kumtafuta katika kisanduku cha rangi, ila chozi hayumo humo. Umpake rangi iliyo karibu nyeusi tupu, uache chembe ya karatasi nyeupe bila kuigusa, kijani kidogo kikae ukingoni mwa hiyo nyeupe. Hapo ndipo anawaka.

Wageni huja Kakamega kutafuta ndege adimu. Nawaelewa, ila penseli yangu hupenda zaidi walio karibu: yangeyange wanaofuata trekta likilima shamba la miwa, au korongo-taji bondeni, akitembea kwa madaha kana kwamba bonde ni lake. Tangu 2012 huyo yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani, maana maeneo oevu yenye matete anamotaga yanakaushwa ili yalimwe. Ndege unayemwona kila siku ndiye unayeacha kumtazama, na mchoro hukulazimisha umpe saa nzima.

Majirani huuliza kwa nini nahangaika na mnana, ndege aliyejaa kila boma. Siku moja kukhu, yaani bibi, wa jirani alichukua daftari langu, akalisogeza mbali kidogo na macho, akatazama dume niliyemchora akining'inia chini ya kiota, mabawa wazi, akimwita jike. Akasema, "Hapa anajenga. Mbona hujamchora akibomoa?" Kisha akanieleza alichokiona miaka yote akianika mahindi chini ya mti wenye viota vya mnana: jike akiingia, akikagua na kukikataa kiota, kikakauka bila mwenyewe, dume hukifumua ukoka kwa ukoka na kuanza kingine palepale. Kukhu hajashika penseli maisha yake yote, lakini jicho analo. Tangu hapo nakaa naye chini ya mti huo. Yeye ananionyesha dume gani ameanza kufumua, nami namchora.