Mwanafunzi na Mbinu za Utafiti: Funzo la Masimulizi ya Mbwaa

Miongoni mwa masomo ya shahada ya kwanza, ni machache yanayolalamikiwa na wanafunzi kama mbinu za utafiti. Wengi huliona kuwa orodha ya istilahi za kukaririwa: nadharia-tete, sampuli, hojaji, uchanganuzi. Husema kwamba ni somo gumu, halihusiani na fasihi wala isimu, na manufaa yake hukoma tasnifu inapokwisha kupigwa chapa.

Rai hiyo ina ukweli na ina kosa. Ukweli wake ni kwamba mara nyingi istilahi hutangulizwa kabla ya swali. Mwanafunzi hupewa ufunguo asioujua mlango wake. Kosa lake ni kudhani kwamba mbinu ni kanuni za kupanga sura tu, ilhali ni njia ya kupima kama lililosemwa linaaminika.

Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Chuka na Meru, vilivyopata hati mwaka 2013, na cha Embu, kilichopata yake mwaka 2016, mlango huo u karibu. Wazee wa Kimeru wamesimulia kwamba jadi yao ilitoka Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, ilikotumikishwa na watu wa mavazi mekundu, Nguo Ntuni, hata ikakimbia ikiongozwa na Koomenjoe. Jeffrey Fadiman, katika kitabu chake cha 1993, aliihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Kabla yake, mwaka 1967, J. Forbes Munro alikuwa amezipima upya hoja za asili ya pwani kwa makabila ya nyanda za juu za mashariki ya Kenya.

Hapo kila istilahi iliyochukiwa hupata kazi. Mtafiti anayemwuliza mzee, "Je, mlitoka pwani?" amekwisha kumtilia jibu kinywani; hilo ndilo somo la hojaji. Akiwasikiliza wazee wa Imenti peke yao, akaacha wa Tigania, Igembe na Tharaka, hana haki ya kusema "Wameru husimulia". Hilo ndilo somo la sampuli. Na kwa kuwa kisa cha kuvuka maji kinafanana na kile cha Musa, hana budi kuuliza ni lini msimulizi, au aliyemsimulia, alianza kusikia Biblia, na kama amesoma vitabu vilivyoandikwa juu ya Mbwaa.

Mwanafunzi wa isimu naye ana la kuongeza. Katika uainishaji wa Guthrie, Kimeru na Kiembu vimo katika kundi la E50 pamoja na Kikuyu na Kikamba, wala si pamoja na Kiswahili au Kipokomo. Ushahidi huo hauikanushi Mbwaa, kwa kuwa watu huweza kuhama na kubadili lugha. Lakini humlazimisha mtafiti kutenganisha historia ya lugha na historia ya wasemaji wake.

Upande wa Embu kuna kielelezo kinachostahili kusomwa darasani. H. S. K. Mwaniki alitoa historia ya Embu na Mbeere mwaka 1973, kisha mwaka 1974 akachapisha masimulizi yenyewe katika Embu Historical Texts. Kwa hiyo msomaji asiyekubaliana na mwanahistoria anaweza kuwarudia wazee waliozungumza. Uaminifu wa utafiti ni huo: kumwachia msomaji njia ya kukupinga.

Dawa ya malalamiko ya wanafunzi, basi, si kulipunguza somo, bali kulianzia penye swali lenye ubishi. Kazi hiyo haina muda mrefu wa kungoja. Wazee waliosikia masimulizi haya kwa babu zao wanapungua, na mwanafunzi atakayefika kwao bila mbinu atarudi na maneno ambayo hakuna atakayeweza kuyapima.