Boksi ya televizio: tusianzie kwa 4K



Tangu watu waanze kugawana Wi-Fi kwa parseli, swali moja linarudi karibu kila juma kwa ukurasa huu: "Ninunue nini ya kuchomeka kwa televizio ili nione Netflix na YouTube?" Majibu yanakuja mbio. Mmoja anasema Fire Stick, mwingine Chromecast, wa tatu anaweka picha ya boksi nyeusi yenye kuandikwa 8K na kusema "hii njo ya mwisho". Nimesoma majibu hayo, nimesoma pia makala na video za Wafaransa na Wamarekani ambazo tunatumiana. Karibu zote zinapima kitu ambacho si shida yetu.

Wenye kupita agronomia wanakumbuka pipa la Liebig, yule mwanakemia Mjerumani wa karne ya 19. Mmea haukui kwa kipimo cha mbolea iliyo nyingi, unakua kwa kipimo cha ile inayokosekana. Ndiyo maana profesa anachora pipa lenye mbao za urefu tofauti: maji yanamwagikia pa ubao mfupi, na ukirefusha mbao zingine hata mita tatu, maji hayaongezeki. Sasa rudi kwa zile makala. Zinaongea 4K, HDR, Dolby Vision, prosesa. Hizo zote ni mbao ndefu. Kwetu ubao mfupi wa kwanza ni mega, wa pili ni umeme, na wa tatu, ambao sijaona mtu akiutaja hapa, ni uaminifu wa boksi yenyewe.

Mega kwanza. Netflix wenyewe wanaandika kwamba saa moja ya picha ya kawaida inaweza kula hadi GB 1, saa moja ya HD hadi GB 3, na saa moja ya 4K hadi GB 7. Filamu ya saa mbili kwa HD inaweza basi kufika GB 6, kwa 4K GB 14. Wewe mwenye kununua forfe ya GB 2 na kuomba ifike kesho yake, hiyo filamu utaiona mpaka wapi? Tena kwa 4K wanataka mwendo wa megabiti 15 kwa sekunde, wenye kutulia, si ule unaokuja saa 9 za usiku na kupotea watu wakiamka. Na hata ungeupata, televizio nyingi za inchi 32 kwa vyumba vyetu vya kupanga zina pikseli 1366 kwa 768. Hapo hata 1080p haionekani nzima, 4K usiseme. Unalipia mbolea ambayo udongo hauwezi kuishika.

Najua kuko wenye kusema Starlink ilipata leseni nchini Mei 2025, mambo yamebadilika. Kwa mwenye kuwa nayo, sawa, ubao wa mega umerefuka. Lakini mbao mbili zinabaki, na wengi wetu tungali kwa hotspot ya simu.

Umeme nitaupita haraka. Stiki na boksi ndogo nyingi zinatumia volti 5, ni kusema powerbank ao pano ndogo ya jua inaweza kuzilisha. Apple TV 4K inataka waya wa ukutani, transfo yake iko ndani. Kwa nyumba inayoishi na delestaji, hiyo peke yake inaitoa kwa mashindano, hata kama ni kifaa kizuri (na ni kizuri, sibishi). Bei yake nayo mnaijua.

Roku ilianza 2008, na Marekani ni jina kubwa. Shangazi wa diaspora anaileta ndani ya valizi kwa upendo wote, kisha inafika hapa inataka kompte, inataka intaneti kabla ya kukuonyesha chochote, na orodha ya aplikasio zake inafuata nchi. Haiuzwi rasmi kwetu. Fire TV Stick ni bora kidogo, lakini ni mlango wa duka la Amazon: kila kitu pale kinakusukuma kwa Amazon. Ile mpya ya 2025, 4K Select, iliacha Android na kuchukua mfumo wao wenyewe, na hauruhusu kuingiza aplikasio kutoka nje ya duka lao. Kwa watu kama sisi, tunaotumiana aplikasio kwa Bluetooth ili kuokoa mega, huo ni mlango umefungwa.

Chromecast inahitaji maneno zaidi kwa sababu za mkono wa pili zinazunguka sana. Ilitoka 2013 kwa dola 35, na wazo lake lilikuwa safi: simu ni telekomande, kile kidude kinavuta picha chenyewe kutoka intaneti. Watu wengi wanafikiri simu ndiyo inatuma filamu. Hapana, simu inatoa amri tu. Bila Wi-Fi yenye intaneti, Chromecast ya zamani ni pambo. Google waliacha kuzitengeneza 2024. Machi 2025, zile za kizazi cha pili zilikataa kufanya kazi dunia nzima kwa sababu sertifika moja ya ndani ilikuwa imeisha muda wake. Google walirekebisha baada ya siku kadhaa. Lakini fikiria: kitu ulichonunua, kiko nyumbani kwako, hakijaanguka, hakijaungua, na kinazimika kwa sababu tarehe imefika huko mbali. Ukiuziwa moja kwa dola 15, jua unanunua kitu ambacho maisha yake yako kwa mikono ya mtu mwingine. Iliyochukua nafasi yake, Google TV Streamer, ni dola 100, na ndani ya katoni hawajaweka hata waya wa HDMI. Dola 100!

Hapo tunafika kwa zile mbili ambazo njo watu wanachagua kweli hapa mjini: Xiaomi na boksi ya 8K isiyo na baba.

Xiaomi TV Box S ya kizazi cha pili, ya 2023, siipendi sana. RAM GB 2, nafasi GB 8, na mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa ya hizo 8. Ukurasa wa mwanzo wa Google TV umejaa picha za filamu za huduma ambazo hujalipia, na kila picha hiyo inashuka kwa mega zako. Mtu anawasha ili aone filamu ya kwake, anapita kwanza sokoni. Ila ina vitu viwili ambavyo kwangu vinashinda yote: tundu la USB, na sertifika ya kweli ya Google na ya Netflix.

Boksi ya 8K sasa. Karatasi inasema 8K, RAM GB 8, Android ya mwisho. Mara nyingi ndani hakuna hata nusu ya hiyo, na mfumo umeandikwa upya ili useme uongo uleule wa karatasi. Android yake ni ya simu, haikutengenezwa kwa televizio. Utaona kwa ule mshale mdogo unaousukuma na telekomande kama panya wa kompyuta. Netflix haitoi HD kwa kifaa ambacho haijakipitisha, kwa hiyo boksi ya "8K" inakupa picha ya 480p. Nafikiri hata muuzaji hajui. Yeye amepokea katoni kutoka Guangzhou ao Dubai kupitia Mombasa, anasoma kilichoandikwa juu.

Basi kwa nini zinauzwa hivi? Kwa sababu ya mpira. Zinakuja na aplikasio za stasio za "bure" tayari ndani, na kijana anayeona Ligi ya Mabingwa bila kulipa dekoda hawezi kusikia mambo ya pikseli. Ninamwelewa. Ila hizo "bure" zinavuta picha kutoka seva za watu wasiojulikana, na mara nyingi zinakufa katikati ya musimu.

Na hapo kuko jambo la ubao wa tatu. Januari 2023, Mkanada mmoja, Daniel Milisic, alionyesha kwamba boksi ya T95 aliyonunua kwa Amazon ilitoka kiwandani na virusi ndani. Baadaye mwaka huohuo watafiti wa Human Security walieleza mtandao mzima wa vifaa vya namna hiyo, wakauita BADBOX. Toleo la pili, BADBOX 2.0, lilipita vifaa milioni moja. Juni 2025 FBI walitoa onyo kwa watu wa kawaida, na Julai Google walifungua kesi New York wakitaja vifaa zaidi ya milioni 10. Kati ya majina yaliyotajwa na watafiti kuko ya jamii ya X96 na MXQ. Angalia tena picha ambazo tunatumiana hapa.

Virusi hivyo haviharibu televizio, ndiyo maana hakuna anayelalamika. Vinabonyeza matangazo kimyakimya usiku, na vinakodisha intaneti yako. Ni kusema mtu usiyemjua anapitisha safari zake kwa mlango wako. Mega ni zako, anwani ya intaneti ni yako, na akiiba kompte ya mtu huko mbali, njia inaonekana imetoka kwenu. Boksi hiyo iko kwa Wi-Fi moja na simu ya mama yenye mobile money, na kompyuta ya mdogo wako anayeandika mémoire. Ukisema utaifuta na kuanza upya, haisaidii: virusi viko ndani ya mfumo wenyewe, vinarudi nao. Watu wanaoandika hapa "forfe yangu inaisha na sijagusa kitu", kabla ya kutukana kampuni ya simu, chomoeni boksi siku mbili muone.

Sisemi kila boksi ya dola 25 iko na ugonjwa. Shida ni kwamba ukiwa dukani huwezi kutofautisha nzima na mbovu. Ni kama mbegu. Mfuko una picha ya mahindi ya kupendeza, jina la kisayansi, kila kitu. Sisi tunatafuta etiketi ya SENASEM, na kama haiko tunachukua mbegu 100, tunazilaza kwa kitambaa chenye maji, tunahesabu zilizoota. Kwa boksi, etiketi ni sertifika ya Android TV. Google wanaweka wazi orodha ya makampuni waliyoyapitisha. Na kitambaa chenye maji ni hiki: mwambie mwenye duka awashe kabla ya kulipa, umpe hotspot yako. Ukiona mshale wa panya, ao duka la aplikasio lenye jina usilolijua, ao boksi inakuomba uzime ulinzi wa Play Protect ndipo aplikasio ziingie, mrudishie kwa heshima.

Mtu ataniuliza: "Yaya, na mwenye hana pesa ya Xiaomi?" Jibu langu halitafurahisha wauzaji. Televizio yako ina tundu la USB? Basi kwanza usinunue kitu. Diski moja, filamu zimeshushwa usiku kwa Wi-Fi ya kazini ao ya chuo, na jioni hakuna mega inayoliwa. Netflix inaruhusu kushusha filamu kwa simu, kwa stiki haiwezekani; kumbe simu unayo tayari. Na siku utanunua boksi nzuri, aplikasio ya kwanza kuweka ni VLC. Ilianza 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale ya Paris, ni bure, haina matangazo, inasoma karibu kila aina ya faili bila intaneti. Wanafunzi, jamani. Kwa mimi hiyo ndiyo sababu tundu la USB linashinda 4K: boksi yenye tundu inaendelea kuwa na kazi siku forfe imeisha, stiki isiyo nalo inalala pamoja na forfe. Angalia tu diski ilivyoandaliwa. FAT32 haipokei faili inayopita GB 4, na exFAT ao NTFS hazisomwi na kila televizio, kwa hiyo jaribu na faili moja kabla ya kujaza diski nzima.

Wenye televizio za zamani za mgongo mkubwa, zenye matundu matatu ya manjano, nyeupe na nyekundu, hapo boksi ya 8K ina haki moja: nyingi zina waya wa AV, na vifaa vyenye sertifika karibu vyote ni HDMI tu. Mnaweza kununua kigeuzi kidogo cha kuweka katikati, nacho kinataka volti 5 zake kwa USB. Viko vya aina mbili vinavyofanana kabisa. Kwa kazi hii soma juu yake: iandikwe HDMI2AV. Ile ya AV2HDMI inaenda upande mwingine, na wauzaji wanazichanganya.