Mfuko au Bima? Istilahi za Afya ya Jamii Zikitazamwa Kutoka Uluguru

Istilahi haijakamilika mpaka ifike kwa mtu itakayemhusu. Kwa sababu hiyo tumeonelea kuzihakiki istilahi za bima ya afya ya vijijini kwa kumfikiria mkulima wa Mgeta au Kinole, wala si mwanasheria aliyeziandika.

Mpango wenyewe ulianzia Igunga mwaka 1996, ukatungiwa sheria mwaka 2001, ukaitwa Mfuko wa Afya ya Jamii. Neno bima, lililotufikia kutoka Bara Hindi, lilikwisha kuzoeleka kwa magari na mizigo. Watumishi wa serikali, ambao sheria yao ni ya mwaka 1999, walipewa maneno yote mawili: Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mwanakijiji alipewa mfuko tu.

Upungufu huo si mdogo. Mfuko ni chombo cha kutilia kitu ili mwenyewe akitoe baadaye. Atiaye fedha mfukoni hutarajia kuzikuta. Bima ni kinyume chake: wengi hutoa, hupokea yule aliyefikwa, na asiyefikwa hana cha kudai. Basi mkulima aliyelipa, akamaliza mwaka bila kuugua, akauliza fedha zake ziko wapi, asiitwe mjinga. Amelisoma jina kama lilivyoandikwa. Neno mchango, ambalo nalo limo katika mpango huu, lingemfaa zaidi, maana michango ya misiba anaielewa barabara. Sheria ya mwaka 2023 ya Bima ya Afya kwa Wote imelirudisha neno bima mahali pake, nasi tunaipongeza kwa hilo.

Kuhusu tele kwa tele, jina la fedha ambazo serikali iliahidi kuongeza kwa kiasi sawa na michango ya wanachama, tunasema kwa ufupi kwamba linapendeza masikioni lakini halina usawa ndani yake. Shilingi kwa shilingi lingeeleweka hata sokoni.

Neno linalotutatiza zaidi ni kaya. Mpango ulipoboreshwa mwaka 2018, ada iliwekwa kuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita: mkuu wa kaya, mwenza wake na wategemezi. Sasa tupande Uluguru. Waluguru huhesabu ukoo, yaani lukolo, kwa upande wa mama. Mtoto ni wa lukolo la mamaye, na mjomba ana neno kubwa juu yake kwa desturi. Mtoto wa dada alalaye kwa mjomba wake ni wa kaya ipi? Na bibi mzaa mama, anayekula huku na kulala kule? Mwandikishaji akifika kwenye jina la sita hufunga daftari, na wa saba huambiwa, kwa Kiswahili sanifu kabisa, kwamba yeye si wa nyumba hiyo. Hatubishani na idadi. Hiyo ni kazi ya wahasibu. Tunalobishia ni kuipa hesabu ya wahasibu jina la watu wanaoishi pamoja. Mpango wa mijini uliitwa Tiba kwa Kadi, na ndani yake mna jibu: waitwe watu wa kadi moja, nayo kaya iachwe na maana yake.

Limebaki neno msamaha, wanaloandikiwa wazee wasiojiweza, wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano ili watibiwe bila malipo. Kwa Kiswahili husamehewa aliyekosa au mwenye deni. Mjamzito amemkosea nani? Akiambiwa ana msamaha atasimama dirishani kama mwombaji, na mhudumu naye atajiona mfadhili, ilhali sera ya serikali imekwisha kumpa haki hiyo. Neno stahili lipo, tena halihitaji kikao cha kulisanifu.