Maswali ya Vidole: Marian McPartland na Piano Mbili Redioni

Miaka kadhaa iliyopita nilimhoji mpiga solo mmoja mkongwe wa muziki wa dansi. Alikuja studio na gitaa lake, akaketi, akaanza kudonoadonoa nyuzi huku tukiandaa mitambo. Fundi mitambo akalalamika kwamba kelele zinaingia kwenye maiki. Nikamwomba mzee aliweke gitaa pembeni, tuongee kwanza, atapiga mwishoni. Akaliweka. Dakika 40 zilizofuata nikaambulia "ndiyo", "enzi zile ilikuwa hivyo" na "tulijifunza tu". Kosa lilikuwa langu, na kila ninaposikiliza tena kipindi kimoja cha redio ya Marekani naliona kubwa zaidi. Kipindi hicho kilijengwa juu ya kanuni iliyo kinyume kabisa na yangu: mgeni asiachie ala yake.

Kinaitwa Piano Jazz. Kilianza kusikika mwaka 1979 kupitia mtandao wa redio za umma wa Marekani, NPR, nacho hakikutayarishwa na wakubwa wa New York bali na redio ya elimu ya jimbo la South Carolina. Mwendeshaji alikuwa Marian McPartland, Mwingereza aliyezaliwa 1918, mpiga piano kwa kazi na si mtangazaji wa kusomea. Jina lake lilipendekezwa na mtunzi Alec Wilder, aliyekuwa amefanya kipindi chake na redio hiyohiyo. McPartland akakiendesha zaidi ya miaka 30, hadi umri wake ukapita 90. (Ninaposema jazi hapa sina maana ya bendi za dansi kama Morogoro Jazz na Western Jazz. Hizo zetu zilichukua jina, muziki zikaupika wenyewe.)

Umbo lake linaelezeka kwa pumzi moja. Piano kubwa mbili, watu wawili, saa moja. Mgeni anapiga, wanaongea, mwenyeji anapiga, wanaongea tena, kisha wanapiga pamoja bila kuandikiwa chochote. Ukisoma maelezo hayo unaona jambo jepesi. Ugumu uko ndani.

Tuanze na piano ya pili, maana ndiyo iliyobeba kipindi. Mtangazaji wa kawaida anauliza kwa maneno na kujibiwa kwa maneno, hata kama jambo lenyewe halisemeki. Muulize mpiga piano kwa nini mpangilio wake wa kodi una huzuni fulani (kodi za muziki, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si zile za kulipia kwenye benki) naye atababaika kama mpishi aliyeulizwa chumvi anatia kiasi gani. McPartland hakuhitaji kuuliza hivyo. Aliugusa mpangilio huo kwenye piano yake, hata akikosea kidogo, na mgeni akaurekebisha kwenye yake. Swali liliulizwa kwa vidole, likajibiwa kwa vidole, na msikilizaji ambaye hajui kodi ni nini akasikia tofauti kwa masikio yake.

Ili jambo hilo liwezekane, maiki za mazungumzo na za piano lazima ziwe wazi kwa wakati mmoja. Mafundi wengi wa redio hawalipendi hilo, kwa sababu sauti ya mtu huingia kwenye maiki ya piano na ya piano huingia kwenye ya mtu, na baadaye huwezi kukata neno bila kukata noti. Lakini ukizitenganisha, mgeni atalazimika kunyamaza ndipo apige, na kuacha kupiga ndipo aseme. Utamu wa kipindi hiki umejaa katika zile sekunde ambazo mtu anasema nusu sentensi na kuimalizia kwa mkono wa kushoto.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kipindi alichorekodi na Bill Evans Novemba 1978, ambacho baadaye kilitolewa kama albamu. Evans, mpiga piano aliyesikika kwenye albamu Kind of Blue ya Miles Davis ya 1959, alikuwa mtu wa maneno machache. Hapo kwenye piano anageuka mwalimu. Anaueleza wimbo The Touch of Your Lips kwa kuujenga upya kipande kwa kipande: kwanza mifupa, yaani kodi za msingi na sauti ya chini inayoshikiliwa bila kuhama, kisha nyama juu yake. McPartland anamfuata hatua kwa hatua, na pale anapohisi kwamba msikilizaji wa nyumbani ameachwa nyuma, anauliza kitu ambacho yeye mwenyewe bila shaka anakijua. Hiyo ni adabu ya kitaaluma: kukubali kuonekana hujui kwa ajili ya mtu asiyekuwepo chumbani.

Halafu wanaingia kwenye jambo lililomshughulisha Evans kwa miaka mingi, la kuhamisha mapigo. Nitalieleza kwa shairi, kwa sababu msomaji wa Kiswahili analo tayari. Mshororo una mizani 16, vipande viwili vya 8 kwa 8, na masikio yamezoea sentensi iishe pale kina kinapoanguka. Sasa chukua mghani anayeianza sentensi katikati ya kipande cha kwanza na kuimaliza katikati ya kipande cha pili. Arudhi haijavunjika hata chembe, mizani ni zilezile, ila maana inavuka mpaka na kukuacha ukiyumba kidogo. Evans alifanya hivyo kwa wimbo wenye vipimo 32, yaani mafungu 32 ya mapigo: kirai cha sauti kinaanza mahali pasipotarajiwa na kwisha mahali pasipotarajiwa, huku umbo la wimbo likiendelea chini yake. Asiyejua hudhani mtu amepotea njia. Kwa nusu dakika anapoonyesha, unasikia kwamba hajapotea hata kidogo. Anaijua njia kiasi cha kutembea nje yake. Kulieleza jambo hilo kwa maandishi nimetumia aya nzima. Yeye alitumia vidole.

Sasa tufike kwenye kupiga pamoja, ambako uhandisi wa kipindi unaonekana zaidi. Piano mbili ni vitufe 176 na vidole 20, na ni rahisi mno kutengeneza uji. Sauti za chini ndizo hatari: mikono miwili ya kushoto ikikutana huko, kila mmoja na kodi yake na pedali imekanyagwa, kinachotoka ni ngurumo. Basi lazima mmoja aachie. Ama anachukua besi inayotembea, noti moja moja, na kumwachia mwenzake uwanja wa juu, ama anatoka kabisa kwenye mkono wa kushoto na kujibu kwa noti chache za juu. Kwa Evans kulikuwa na ugumu wa ziada. Alizoea kupiga na mpiga besi, na kwa sababu hiyo mara nyingi aliacha noti ya msingi ya kodi, maana kulikuwa na mtu mwingine wa kuipiga. Chumbani humo mtu huyo hakuwepo. Msikilize McPartland kwa makini katika vipande vya pamoja utaona jinsi anavyojipunguza: anaziba pengo, anajibu, anarudi nyuma. Mwenye nyumba anakula mwisho.

Ustadi huo haukuanzia redioni. Mwaka 1938 aliacha masomo ya muziki ya Guildhall, London, akajiunga na kundi la jukwaani la Billy Mayerl lililokuwa na piano nne. Nne! Aliyejifunza kutokanyaga vidole vya watu watatu hatishwi na mmoja. Na baadaye, miaka ya 60, alikuwa akipiga santuri na kuzungumza kwenye kituo cha WBAI, New York. Kwa hiyo zile sehemu mbili za kazi, kinywa na mikono, alikuwa amezifanyia mazoezi kila moja kivyake.

Wimbo unachaguliwaje? Hapa hakuna miujiza. Wanajazi wa kizazi chao walikuwa na akiba ya pamoja ya nyimbo za Broadway na sinema, nyingi zikiwa na umbo la vipimo 8 mara nne, sehemu ya tatu ikiwa tofauti. Wakikubaliana jina la wimbo na ufunguo, yaani noti ambayo wimbo unaifanya makao, wamekubaliana karibu kila kitu. Ndiyo maana kitabu cha maisha yake, kilichoandikwa na Paul de Barros, kimepewa jina la swali la kumwalika mtu mpige wimbo fulani pamoja. Kuhusu ufunguo alikuwa na yake: kila mmoja kwake ulikuwa na rangi, na D aliiona ya manjano. Wengine wanaulizana "tupige katika nini?" kwa kufikiria vidole, yeye alikuwa akichagua kitambaa.

Wageni wasiojulikana kwa piano walibadilisha hesabu. Dizzy Gillespie wa tarumbeta alikuja, Sarah Vaughan wa kuimba alikuja. Kati ya wapiga piano, Herbie Hancock, aliyewahi kujiita Mwandishi kwa Kiswahili hikihiki, naye alikaa kwenye piano ya pili. Mwenyeji pia alikuwa na mtindo wa kumtungia mgeni picha ya sauti papo hapo, bila maandalizi. Huo nauona ujanja mzuri kuliko sifa za maneno. Ukimsifu mtu kwa mdomo anashukuru tu, lakini ukimpigia unavyomsikia, atakwambia ulipomkosea.

Kasoro ipo. Upole wa kipindi hiki una bei yake. Evans alikuwa amepambana na dawa za kulevya kwa miaka mingi, na alifariki Septemba 1980, chini ya miaka miwili baada ya kurekodi. Ukitafuta maswali makali ya aina hiyo humu utaondoka mikono mitupu. Sidhani McPartland alishindwa kuyauliza. Piano ya pili haina swali la namna hiyo, na angeliuliza kwa mdomo, mikono ya mgeni ingetoka kwenye vitufe.

Limebaki jambo moja linalonishangaza kila mara: wanamalizaje? Watu wawili, bila karatasi, bila kiongozi wa bendi. Sikiliza vipimo vinne vya mwisho. Mara nyingi mmoja anavirudia, mwingine anaelewa, wanavirudia tena, na kwenye mara ya tatu mkono wa mmoja unapunguza mwendo kidogo tu. Mwenzake anasubiri. Kodi ya mwisho inaangushwa, mmoja anatia noti mbili za juu kabisa, na pedali ingali imekanyagwa unasikia mtu anacheka.